Utabiri wa Wananchi

Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akiamua tupande nini. Mwaka wake wa mwisho, bwana shamba alitutangazia kwamba mvua zitakatika mapema, tupande mtama. Mke wangu akachungulia juu ya ua wa bwana shamba, akakuta mahindi.

"Bwana shamba, mbona wewe umepanda mahindi?"

"Mama, ule utabiri ni wa wananchi."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaja kupanda mtama. Mvua zikakatika. Bwana shamba akaja kwetu na kikapu.

"Karibu, mwananchi," mke wangu akamwambia, akamjazia.

Msimu huu bwana shamba ametangaza mtama tena. Mimi sijazoea kuamua, na nikikosea nitalala njaa. Nimechungulia uani kwake. Kapanda mtama. Nami nimepanda. Ila aliyemcheka hayupo.