Mwanamke Anayepanga Bahari Ndani ya Masanduku

Saa mbili asubuhi, chini ya paa la mabati, mwanamke aliyevaa buti za mpira amepiga magoti mbele ya rundo la mawe. Anachukua kipande, anakilowesha, anakitazama kichwa na kitako.

"Wewe si wa hapa," anakiambia, na kukiweka kando.

Wenzake humwita Mama Mawe. Kwa miaka tisa amekuwa akipokea nguzo nyembamba za miamba zinazotolewa ardhini na mtambo wa kuchoronga, katika kambi ya watafuta makaa ya mawe. Huziosha na kuzilaza masandukuni, za juu zikitangulia, za chini zikifuata.

Jana gari lilikata kona kwa pupa, masanduku manne yakapinduka. Dereva ni mume wa mdogo wake.

"Shemeji, umemwaga bahari nzima!"

"Bahari gani? Mimi nimemwaga kokoto."

"Kokoto zimo kichwani mwako."

Watu wanacheka, ingawa jambo lenyewe si la kuchekesha. Jioni meneja ataamua shimo la mwisho lichorongwe upande gani wa kilima. Mawe yakipangwa vibaya, mtambo utapelekwa pasipo na makaa, kambi ifungwe, na ajira za wote ziende na maji.

Mwanajiolojia wa kambi, ndiye aliyemfundisha kazi, amechuchumaa kando yake. Anasema hapa zamani za kale palikuwa mlango wa mto. Miti ya kinamasi ilianguka, ikafukiwa, ikawa makaa. Bahari ikapanda na kuyafunika kwa tope lenye makombe ya chaza, ikarudi nyuma, kinamasi kikaota tena.

"Mizizi hukaa chini ya makaa, makombe juu," anasema. "Ukipindua, umeidanganya bahari."

Wanaunga mvunjiko kwa mvunjiko, kama sahani iliyopasuka. Alasiri kinabaki kipande kimoja cha udongo wa kijivu. Hakina mzizi wala kombe, na ncha zake zimesagika. Nafasi ziko mbili, na kote kinaingia.

"Kichomeke hapo juu tuondoke," anasema shemeji. "Nani atajua?"

"Mimi."

Mama Mawe anaweka vibao vitupu, alama ya pengo, katika nafasi zote mbili. Meneja anapofika, anakunja uso. "Mnaniletea kazi yenye mapengo?"

"Pengo utaliona, bosi," anajibu. "Uongo utauchoronga."

Meneja anatazama vibao, kisha mwanajiolojia, ambaye anatikisa kichwa kuafiki. Uamuzi unaahirishwa: sehemu ile itachorongwa upya, kando ya shimo la awali.

Mama Mawe ameomba kusimama mtamboni penyewe, achore mshale kwenye kila kipande kinapotoka, juu kuwe juu. Mwakani anakusudia kufanya mtihani wa ufundi wa jiolojia, ingawa shule aliiacha kidato cha pili.

"Nimeosha kurasa za watu vya kutosha," anasema akikung'uta magoti. "Shimo lijalo nitalisoma mwenyewe."