Sakafu ya Kipanga

Siku Wabelgiji walipokuja kuchagua askari, tulikuwa kijijini Lusangi tukikanyaga sakafu ya nyumba ya shemeji yetu. Kwetu mtu akijenga, majirani humwaga udongo na maji ndani, kisha huingia wakiimba na kucheza mpaka chini pawe pagumu. Mdogo wangu Ramazani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alikuwa na sauti nzuri, na majivuno ya watu watatu. Tukachukuliwa tukiwa na matope miguuni: mimi, yeye na rafiki yetu Kalonda wa Kabambare.

Baada ya miezi mingi tulikuwa Abisinia, mlimani kwenye baridi, tukipigana na Waitaliano katika vita ambavyo Wabelgiji walisema ni vyetu pia. Mvua ilifunga barabara. Chakula kililetwa na ndege ndogo ya jeshi. Rubani wake, Mzungu, tulimwita Kipanga, kwa jinsi alivyoshuka ghafla, akatupa magunia na kupotea kabla bunduki hazijamwona.

Kisha bomu likaanguka karibu na jiko letu. Kalonda aliumia mguu, Ramazani tumbo. Daktari alikuwa ng'ambo ya mito iliyofurika, na bila ndege wote wawili wangekufa. Kipanga alizunguka juu ya uwanja tuliofyeka, akaona matope, akarudi alikotoka.

Nikawaambia wenzangu tupige sakafu.

Tulimwaga changarawe, tukaingia matopeni. Ramazani, amelala kwenye machela, akaanzisha wimbo.

Mizinga ililia bondeni.

Hatukuacha.

Kipanga alirudi, akashuka, magurudumu yakashika ardhi. Akatoka amefura kwa hasira.

"Watu wanakufa, na ninyi muko munacheza ngoma?"

"Bwana, hatuchezi," Ramazani akamjibu. "Tunakupigia sakafu."

Kipanga alipiga udongo kwa kisigino, akaona ni mgumu. Halafu akasema ndege ina nafasi ya mgonjwa mmoja tu.

"Kalonda aende," Ramazani akasema. "Yeye iko na mutoto. Mimi nitangojea safari ya pili."

Safari ya pili ilikuja kesho yake. Tulikuwa tumekwisha kumzika.

Vita vilipokwisha, nilisikia kwamba marubani wa jeshi wanaajiriwa kuendesha ndege za abiria, na Kipanga ni mmoja wao. Nikacheka. Mtu aliyezoea kushuka kama mwizi wa kuku ataweza kubeba wake za watu na masanduku yao?

Kasongo, mji wa kwetu, nako kukafyekwa uwanja wa ndege. Mvua ikanyesha mpaka asubuhi ile ile ya kupokea ndege ya kwanza, na wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba haitatua. Kalonda, kwa mguu mmoja na mkongojo, akaenda katikati ya uwanja akauanzisha wimbo wa Ramazani. Mji ukamfuata, Waislamu kwa Wakristo, wanawake wakipiga vigelegele, matope yakirukia hata suruali nyeupe za wakubwa.

Ndege ikatokea, kubwa, inang'aa. Ikazunguka, ikatuona tunacheza, na haikusita. Tulikimbilia pembeni. Ikatua, ikaenda, ikasimama salama! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Siku Waitaliano walipoinua mikono sikufurahi hivyo.

Mlango ulipofunguliwa alitoka Kipanga, kofia mpya kichwani, hana bastola.

"Niliona munapiga sakafu," akasema huku anacheka. "Nikajua ardhi iko nguvu."

Akamkumbatia Kalonda, matope na yote, mbele ya wakubwa wake. Kisha akatuingiza ndani tuone kazi yake mpya. Viti vilijipanga kutoka mlangoni mpaka mkiani, vimefunikwa vitambaa safi, na abiria walikuwa wameshuka.

"Ona," akasema kwa fahari. "Sasa nafasi iko mingi."

Alipotamka neno hilo tu, akamkumbuka Ramazani. Akavua kofia.

Kalonda alikaa dirishani, akalaza mkongojo wake sakafuni ili usiguse kiti cha kando yake. Kipanga hakukikalia. Mimi pia nilisimama.