Nilivyolifuata Gari la Mkamburi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika miaka yangu ya barabarani, mjukuu wangu, ilianza kwa ugomvi wa tairi, na tairi lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la Mkamburi. Jana yake mume wangu, Baba Wakesho, alikuwa ameshinda juani kando ya soko la Voi akimzibia pancha, na aliporudi nyumbani kwetu Kaloleni akala chakula changu huku akimsifu. Eti Mkamburi anajua kupanga kreti. Eti Mkamburi hakanyagi breki ovyo. Mimi nikawa nakwangua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Huyo Mkamburi alikuwa mjane, rika langu kabisa. Siku hizo mimi na yeye ndio wanawake pekee niliowajua waliokuwa wakiendesha pikapu zao wenyewe kupeleka nyanya za Taveta hadi Mombasa. Baba Wakesho alikuwa dereva wa lori, na ndiye aliyenifundisha kuendesha. Mkamburi alifundishwa na marehemu mumewe, lakini gari likimsumbua kidogo tu, anayeitwa ni mume wangu. Alikuwa na mwanya, na alikuwa na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Leo nina wajukuu sita na bado sikipendi kicheko hicho.

Basi asubuhi hiyo lori la Baba Wakesho lilikuwa limeharibikia Maungu, na alikuwa na kifaa cha gia cha kupeleka huko. Akanifuata mpaka mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Mama Wakesho, si unishukishe Maungu? Ni njia yako."

"Tafuta yule asiyekanyaga breki ovyo akupeleke," nikamwambia, nikawasha gari nikaenda zangu. Niliona nimemkomesha kweli.

Nilisimama kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu kuongeza upepo na kukaza kamba za turubai. Nikiwa nimeinama hapo, pikapu nyeupe ya Mkamburi ikapita. Kwenye kiti cha kushoto nikaona kofia ya kahawia, na kofia ile ni mimi niliyemnunulia Baba Wakesho. Mwanangu, damu ilinichemka mpaka masikio yakawa moto. Nilimtuma mwenyewe kwa kinywa changu, najua, lakini nani alimwambia anisikize? Kamba moja ya turubai niliiacha vilevile, haijafungwa.

Barabara ya Mombasa unaijua, trela kwa trela, zinapanda na kushuka mchana kutwa. Niliwafikia kabla ya Ndara. Siku hiyo Mkamburi hakuwa amejaza, kwa hiyo juu ya kreti zake niliweza kukiona kioo cha nyuma na vichwa viwili ndani yake. Dereva mwenye akili angebaki mbali. Mimi nilisogea, nikasogea tena, mpaka katikati yetu hata punda asingepita. Si kwamba nilikuwa na haraka ya kufika. Nilitaka kuona wanaongea nini.

Nikaona. Baba Wakesho aliinua mkono akawa anaeleza jambo, na Mkamburi akarusha kichwa nyuma akacheka. Nilikuwa mke wake miaka kumi na moja, na sikukumbuka mara ya mwisho aliponieleza jambo kwa mkono ulioinuliwa namna ile. Nilisikia wivu tumboni, nasema ukweli, kama njaa. Kisha nikaona ile kofia imegeuka kidogo, na mara indiketa ya kulia ya Mkamburi ikaanza kuwaka na kuzima.

Wewe uliyepata leseni mwezi uliopita huenda darasani hawakukufundisha hili, maana ni lugha ya madereva wenyewe. Wa mbele akikuwashia ya kushoto, anakwambia pita, njia ni nyeupe. Akikuwashia ya kulia, anakwambia tulia hapo hapo, kuna kitu kinakuja. Mimi nilifundishwa hivyo na Baba Wakesho kabla hata sijajua kurudi nyuma. Lakini ile ya kulia siku ile niliisoma na moyo wangu mbaya. Nilisema, huyu hataki niwapite kwa sababu hataki niwaone nyuso. Nikakata kulia nikakanyaga mafuta.

Nilipokuwa sambamba naye, hata sikutazama mbele. Nilitazama kushoto, ndani ya gari lake. Nilipogeuza uso, trela lilikuwa linakuja, taa zote zimewashwa, honi imeshikiliwa. Sikuwa na pa kwenda. Aliyekuwa na pa kwenda ni Mkamburi, na alikwenda. Alitoka kwenye lami kabisa, akaniachia upande wake wa barabara, na mimi nikaingia hapo trela likapita likinitikisa kioo. Kwenye kioo cha pembeni nikaona vumbi jekundu, na ndani ya vumbi ile pikapu nyeupe ikilala ubavu.

Nitakwambia kitu ambacho sijawahi kukwambia. Kwanza nilifurahi. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini nilifurahi, nikasema moyoni, haya cheka sasa. Pumzi ya pili ndipo nikakumbuka kwamba gari limelalia upande wa kushoto, na nani amekaa kushoto.

Madereva wa trela wawili walisimama, wakaliinua gari kwa mikono na watu wengine waliotokea sijui wapi. Mkono wa Baba Wakesho ulikuwa umebanwa na mlango kuanzia kiwikoni. Tulimlaza kwenye pikapu yangu juu ya turubai, tukamrudisha Voi hospitalini. Mkono haukukatwa, nashukuru, lakini haukukunjika tena, na vidole havikushika kitu. Lori akalipokea mtu mwingine. Dereva ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikwaruza gia alimaliza kuendesha akiwa na miaka thelathini na minane.

Askari walipokuja kuuliza, Mkamburi alisema ng'ombe alikatiza. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kipaji cha uso kimefungwa bandeji, na alisema hivyo bila kunitazama. Walipoondoka nikakaa pembeni yake. Nilikuwa tayari anitukane, hata anipige. Angenipiga ningeshukuru.

"Dada," akasema, "ulikuwa unatafuta nini nyuma yangu?"

"Nilitaka kuona mnacheka nini."

Akaigusa bandeji yake. "Tulikuwa tunakucheka wewe. Alikuwa ananieleza vile ulimwacha mlangoni na kikombe. Anakusifu, yule. Mimi nikiwa naye ni kusikia habari zako tu, mpaka nachoka. Halafu akakuona kwenye kioo. Akaniambia, 'Ni Mama Wakesho huyo, amekaribia sana. Muwashie ya kulia haraka asitoke, kuna trela mbele.' Mimi hata sikuwa nimeliona, dada. Nilikuwa nacheka. Ni yeye aliona."

Nilienda nyuma ya wodi, mahali wanapoanika shuka, nikalia mpaka muuguzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Sasa umenielewa kwa nini kila asubuhi unaniona nikimfunga babu yako vifungo vya shati. Hakuwahi kuniuliza swali hata moja kuhusu siku ile, na kunyamaza kwake ndiko kulikonifunza zaidi ya maneno ya Mkamburi. Na usifikiri nimekuwa malaika. Mkamburi bado huja Jumapili, huketi naye barazani, wanacheka, na mimi nikiwa jikoni bado kitu hunichoma. Zamani nilimwonea wivu kwa ajili ya mume wangu. Siku hizi namwonea wivu kwa ule moyo wake, wa mtu aliyeingia vichakani ili mimi nipite. Ila sasa nikisikia wanacheka nachukua kikombe changu natoka nje, nakaa nao, nauliza ni nini.

Nasaha yangu ndiyo hii, na uishike. Gari la mbele liachie nafasi. Likipita kibao au mti, hesabu pole pole mpaka tatu kabla wewe hujafika hapo, na mvua ikinyesha hesabu sita. Ukitaka kupita, kwanza rudi nyuma kidogo uone mbali, kwa sababu aliyebandikana na wenzake haoni kitu ila mgongo wao. Akikuwashia ya kulia, msikize, hata kama ni mtu usiyempenda, hata kama mlikosana jana. Yeye anaona usichokiona. Na wewe ukiwa mbele, mtu akitaka kukupita usiongeze mwendo kumkomesha; mpishe, aende zake. Tena ukigombana na mtu nyumbani, gombaneni mpaka mmalize, ndipo uchukue ufunguo. Usitoke na hasira kwenye barabara ile. Mimi nilitoka nayo, na aliyeilipia ni yule niliyekuwa namwonea wivu asichukuliwe.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe wa mbele wenye macho na wa nyuma wenye subira. Akuepushe na kutaka kuona yasiyokuhusu. Akupeleke Mombasa na akurudishe Voi, wewe na kila utakayembeba, mkiwa na mikono yenu yote.