Kitambaa Juu ya Kompyuta

Sifa ni kwa Mungu, aliyeniachia macho ya kuona skrubu ndogo hata uzeeni.

Miguu ya mke wangu ilipokataa safari ya kanisani, nilimuundia kompyuta ndogo ya kuunganisha na televisheni, aone ibada na kwaya yake zilizorekodiwa. Vipuri nilivinunua Katoro, nikavifunga mwenyewe nyumbani Kishapu. Ikawaka vizuri. Kwaya ilipofika wimbo wa pili, ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Nilidhani nimeunguza prosesa, ubongo wa kompyuta, na mke wangu akaugeuza uso wake ukutani.

Nilipokwenda kuichomoa nyuma ya televisheni, ilikuwa ya moto kama chungu kilicho jikoni. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma, kama kile cha redio yetu.

"Mama, umeziba matundu ya hewa!"

"Ningeiacha uchi, Baba, na vumbi hili? Wageni wangesemaje?"

Nilicheka, nikakitandika kitambaa chini yake. Ilipopoa niliiwasha, na mke wangu akaimba na wenzake mpaka wimbo wa mwisho.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie nyumba yenye nyimbo, na subira kwa wanaokupenda.