Mbuzi wa Mama kwenye Habta ya Sinaw

Miye masoko siyapendi, ila habta siikosi. Ni lile soko la siku chache kabla ya Idi: asubuhi mapema Sinaw, huku Omani, inajaa mbuzi, halua, midoli, na wanaume wa kanzu mpya waliojipulizia mafuta ya udi mpaka kichwa kinauma.

Mwaka huo tulikwenda kumuuza mbuzi wa Mama. Tulikuwa tunahamia fleti hapa Ibra, ghorofa ya tatu, na mbuzi hapandi lifti, ingawa Mama alinibembeleza wiki nzima amfuge roshani. Alimlea tangu kitoto, kwa maganda ya ndizi na mikate iliyobaki, na kutwa akizungumza naye kwa Kiswahili. Wanangu miye, ukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiarabu huku wanatazama simu. "Humu ndani anayenisikiliza ni huyu tu," akisema Mama, nami nikinuna, maana na mimi nimo humu ndani.

Sharti lake lilikuwa moja: mbuzi asiende kwa mtu wa kuchinja.

"Mama, hii habta ya Idi Kubwa. Watu visu wameshavinoa."

"Basi nitafutie asiyenoa."

Hapo kazi ipo. Nikampa dalali kamba. Wanunuzi hukaa duara, dalali huzunguka na mbuzi huku akiita bei, na anayemtaka humsimamisha akamkagua. Mbuzi wetu hakuzunguka. Alikaza miguu mchangani, akagoma. Dalali akavuta, akasukuma, akamsihi kwa Kiarabu cha kila namna. Mbuzi wa watu wakapangana nyuma yake kama magari ya Maskati jioni.

Bwana mmoja wa kitambi akainuka, akamminya mgongo. "Ana mafuta huyu. Tutamchinja siku ya kwanza."

Mama akanishika mkono, kucha zikaniingia. Kabla sijasema kitu, akapaza sauti mbele ya wanaume wote wale: "Haya mwanangu, twende zetu!"

Mbuzi akasimamisha masikio, akaja mbio akikata duara katikati, dalali nyuma yake kilemba kimekwenda upande. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yule bwana akaenda kutafuta mbuzi mwenye adabu. Miye nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akatujia mwanamke wa Kibedui, wa umri wa Mama, amevaa barakoa yao ya jadi ya kufunika uso. "Umemwambia nini?" akauliza kwa Kiarabu. Mama akamweleza.

"Nina zizi zima, hakuna hata mmoja anayekuja nikimwita," akasema yule mwanamke. "Huyu namtaka, wa kufuga."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Mama hakumpa kamba hivi hivi. Alimkalisha mchangani kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani, akamfundisha: haya mwanangu, twende zetu. Mara ya nne maneno yakamkaa mdomoni. Mbuzi akamfuata mpaka kwenye pikapu, wala hakugeuka. Mama alilia njia nzima hadi Ibra, na mimi nikalia pia, nikasingizia vumbi.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena, na Mama, na binti yangu mdogo aliyefuata halua. Tulikuwa tunapita kwenye vyombo vya udongo, mara tukasikia nyuma ya pikapu moja: "Haya mwanangu, twende zetu!"

Ile barakoa. Na nyuma yake mbuzi wetu, hana kamba wala dalali, amenenepa, na vitoto viwili vinamfuata.

Binti yangu akamvuta Mama shungi, akauliza kwa Kiarabu, "Bibi, yule anasema nini?"

Mama akakaa chini pale pale mchangani, katikati ya watu wanaopita, akapigapiga mahali pembeni yake.

"Kaa nikufundishe."

Binti yangu akatia simu mfukoni, akakaa.