Kidonge cha Kifafa na Sauti ya Mama

Miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa Kyela mjini, mimi nilikuwa na kifafa. Nilishaanguka mara mbili kwenye majaruba ya mpunga, na mara ya pili walinitoa uso ukiwa majini. Vidonge vilinisaidia, ila mama hakuona sababu ya kumeza dawa siku ambayo mtu haumwi. Akanipeleka kwa daktari ili niachishwe.

Daktari akatueleza polepole. Ubongoni kuna kemikali inayoitwa GABA. Haingoji neva zichachamae ndipo ije. Kiasi kidogo kipo muda wote, kinazituliza zisiwake ovyo.

“Kwa kijana huyu utulivu huo hautoshi,” alisema. “Kidonge kinauongezea nguvu, ndiyo maana anameza kila siku.”

Mama akafurahi mno. “Ndaga fijo, asante sana daktari! Kumbe kazi hiyo naifanya mimi. Huyu namwambia ‘taratibu’ tangu anaamka, hata akiwa amekaa tu. Vidonge vya nini tena?”

Niliogopa. Nilivitaka vidonge vyangu, lakini niliona aibu kumpinga mama.

“Mama,” daktari akasema, “sauti yako haifiki kwenye neva.”

“Inafika,” nikasema. Nilimaanisha inanikera, lakini ndilo neno pekee nililotoa siku ile, na lilisikika kama namuunga mkono mama dhidi yangu mwenyewe.

Daktari akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha bahasha ya vidonge akanikabidhi mimi, si mama, nivimeze mwenyewe.