Makomeo ya Mkono wa Kulia

Mbarak wa Ukunda hajawahi kumpiga mnyama yeyote, si kwa risasi wala kwa jiwe, na hata kuku wa Idi huchinjiwa na jirani. Lakini ukimwuliza kazi yake atakujibu kifua mbele: "Mimi ni mtu wa bunduki." Wala si uongo. Yeye ndiye mtunzaji wa bunduki ya Daktari Judy, ile inayorusha sindano za usingizi, ambayo wanyama wakorofi hulazwa nayo wakahamishiwa msitu wa Shimba. Kulenga na kufyatua ni kazi ya daktari. Mbarak husafisha, hupaka mafuta, hubeba, na zaidi ya yote hufunga darubini.

Darubini hiyo haikai juu ya bunduki siku zote. Barabara ya Kinango ina mashimo ya kumng'oa mtu meno, kwa hivyo safarini hufunguliwa ikalazwa kwenye sanduku lake lenye sponji, na wakifika hurudishwa mahali pake. Hushikwa na makomeo mawili madogo ya chuma, kila moja na mkia wake wa kukunja kwa kidole. Ukiuvuta mkia, darubini inaachia, ukiukunja, inashika. Ni jambo dogo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kuligeuza kesi, na Mbarak aliligeuza kesi.

Makomeo yalitoka kiwandani yakiwa upande wa kushoto. Mbarak aliyahamishia kulia. Alilelewa Msambweni na nyanya mmoja ambaye ukimpokea hata kijiko kwa mkono wa kushoto, kofi la mgongo lilikufikia kabla ya kijiko. Mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazitajwi watu wakiwa wanakula. Sasa yeye aishike darubini ya watu, mbele ya wazee, kwa mkono ule? Halafu mikia ya makomeo akaielekeza mbele, kwenye mdomo wa bunduki, ili akifungua aivute kuja kwake kama mtu anayepokea kitu kwa heshima. Hapo akaona adabu imekamilika.

Daktari Judy ni mtu wa bara, amezoea kusema la moyoni kabla hajasalimu. Alimwambia mara nyingi.

"Mbarak, huku kulia kuna kipini cha kukokia. Nikikoki nagonga vidole kwa hayo makomeo yako. Na mikia ikiangalia mbele inanasa kila kitu. Rudisha left, mikia iangalie nyuma."

"Daktari, kwa heshima yako, mkono wa kushoto siwezi."

"Hii ni bunduki, si sinia ya pilau!"

"Hata dharau ya sinia ilianza na vitu vidogo, daktari."

Jibu hilo halina kichwa wala miguu, na makomeo yakabaki kulia.

Lakini Mbarak alikuwa na donda lake. Tangu amwoe Mishi, mama mkwe wake, Bi Twaiba wa Gazi, mpika mahamri, hakuwahi kumwita kwa jina, seuze kumwita mwana. Mkwe mwingine, Salimu, mchuuzi wa samaki, alikuwa "mwanangu Salimu" asubuhi na jioni. Mbarak alikuwa "huyo bwana wa Mishi". Mpeni kiti huyo bwana wa Mishi. Muulizeni huyo bwana wa Mishi kama hao nyani anaowalaza huwaimbia. Watu wakicheka, naye akicheka, lakini ilimuuma. Mamake alifariki yeye akiwa hajaota meno, na tangu nyanya naye atangulie mbele ya haki, hakuna aliyebaki duniani wa kumwita mwanangu.

Basi habari ilipofika kwamba nyani dume amejifanya mwenyeji Gazi na anavamia majiko, Mbarak almanusura apige vigelegele. Wanakijiji walimwita nyani huyo Mheshimiwa, kwa sababu alifika tu chakula kikiiva, alikula cha watu bila kushukuru, na hakuna aliyejua jinsi ya kumwondoa. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi ndani ya jiko la nje la Bi Twaiba, kando ya sufuria ya mbaazi za nazi, kama aliyealikwa.

Mbarak alishuka kwenye gari na sare iliyopigwa pasi hadi kola ikasimama. Sanduku alilifungulia uani, mahali ambapo mama mkwe wake, aliyekuwa amejifungia ndani, angemwona vizuri dirishani. Akainua mkono wa kulia juu kidogo, ili hata majirani wa mbali wasikose, akaikalisha darubini. Akapiga bismillahi. Komeo la kwanza, tak. La pili, tak. Akageuka kwenda kumpa bunduki daktari, aliyekuwa amejibanza upande wa pili wa kamba ya nguo.

Kwenye kamba kulikuwa na leso za kujifunga za Bi Twaiba, ndefu, bado mbichi. Mkia wa komeo, ukiwa umeangalia mbele kama ulivyopangwa na mwenye adabu zake, ulidaka pindo la leso. Mbarak hakujua. Alitembea kwa mwendo wa gwaride na leso ikamfuata, na kamba ikafuata leso, hadi ikavutika kabisa. Akahisi anazuiwa. Akavuta kwa nguvu. Komeo la kwanza likaachia, la pili likaachia, kamba ikajirudisha, na darubini ikaruka juu ya kichwa cha daktari, ikaingia jikoni na kutua ndani ya sufuria ya mbaazi. Hata ungelenga usingeweza.

"Wallahi nimeipata yote!" akapiga kelele Subira, jirani, simu ikiwa mkononi, akirekodi.

Mheshimiwa aliitoa darubini mchuzini, akaionja, akaipenda. Akapanda nayo juu ya paa la makuti, akawa anailamba taratibu, na kila baada ya kulamba anachungulia umati kwa upande wa kinyume.

"Nikimpiga sasa atasinzia aanguke na darubini yangu," alisema daktari. "Mbarak, si nilikuambia?"

Mbarak alikuwa amesimama na leso begani, akitamani ardhi immeze na sare yake.

Ndipo mlango ulipofunguliwa. Bi Twaiba alitoka na kapu la mahamri ya moto kiwikoni, mtandio wake ameushika kwa mkono wa kulia. Akasimama chini ya upenu, akainua hamri moja kwa mkono wa kushoto.

"Haya, mlafi, shuka!"

Mheshimiwa aliangalia darubini, akaangalia hamri, akafanya hesabu zake. Alishuka hadi ukingoni mwa paa, akaiweka darubini ili alipokee hamri kwa mikono yote miwili, na Bi Twaiba akainyakua kwa mkono ule ule wa kushoto. Hamri la pili alilitupa ndani ya kizimba kilichokuwa nyuma ya gari. Mheshimiwa akalifuata, na daktari akafunga mlango. Bunduki haikutumika hata kidogo.

Mbarak alisogea kichwa chini. "Shikamoo, mama. Niwie radhi kwa leso."

"Marahaba." Bi Twaiba alifuta darubini kwa upindo wa nguo yake. "Haya makomeo mbona yamekaa kwa kukorofisha watu?"

"Mwambie, mama!" daktari akarukia. "Anasema ati mkono wa kushoto si adabu."

Bi Twaiba alimtazama mkwewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ni nani aliyekufunza hivyo?"

"Nyanya yangu, mama. Ndiye aliyenilea."

"Alikulea vizuri, Mungu amrehemu." Akamkabidhi darubini, safari hii kwa mkono wa kulia. "Sasa niambie. Bunduki hii inapelekewa wageni, au inapelekewa nyani?"

"Nyani, mama."

"Basi nyani haki yake ni mkono wa kushoto. Yarudishe huko makomeo, mwanangu, kisha unawe uje ule."

Mbarak aliyarudisha pale pale, upande wa kushoto, mikia ikiangalia nyuma, ingawa machozi yalimzuia kuona parafujo. Mbaazi zilikuwa zimekwisha kumwagwa. Aliyala mahamri makavu, kwa mkono wa kulia, akitafuna polepole ili akae sana, labda aitwe tena.